Kiti cha Mpigaji Asiyekuwepo

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii tumeizoea kuwa ni lawama. Huambiwa mgawaji aliyejipendelea, au msuluhishi aliyeegemea upande wa nduguye. Lakini aliyepata kukaa karibu na wawambaji ngoma anajua kuwa methali imebeba na jambo jingine. Ngozi isiyovutwa hailii. Na ikivutwa na mkono mmoja tu huenda upande, ikalia kama mtungi wenye ufa. Ngoma iliyo sawa huwambwa na mikono inayovutana, huyu kwake na yule kwake, hadi ngozi ikatulia katikati. Nimeanza kwa methali hiyo kwa kuwa suala ninalotaka kulijadili ni la mvutano wa namna hii, ingawa ngoma ninayoikusudia haikuwa na ngozi wala gogo. Ilikuwa ndani ya kisanduku cha plastiki, ukubwa wake kama kanda ya video.

Suala lenyewe ni hili: mtu akiitengeneza kwa mashine sauti ya ngoma ambayo mpigaji wake hayupo, je, amemhifadhi mpigaji yule au amemdhulumu?

Mwaka 2018 nilikuwa Nyamisati, bandari ndogo ya delta ya Rufiji ambako vyombo vya kwenda Mafia hungoja maji yajae ndipo vitoke. Kwa msomaji asiyeijua delta ile, mto Rufiji kabla ya kuifikia bahari hujigawa mikono mingi, na baina ya mikono hiyo umeota msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Sisi wa visiwani tunaujua msitu ule hata kama hatujaukanyaga, maana boriti zake zilivukishwa kwa majahazi miaka na miaka kuja kubeba dari za nyumba zetu za mawe. Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa. Chombo kimelala ubavu juu ya tope, nahodha naye amelala. Nikatoa karatasi zangu za tafsiri nikakaa chini ya mwembe kuzisahihisha.

Pembeni yangu alikuwepo kijana, amevaa hedifoni, anabonyeza kile kisanduku, na mzee mmoja ameketi kwenye gogo karibu naye. Walikuwa wametoka kijiji kimoja cha upande wa Kibiti, wamekuja kuwapokea jamaa zao kutoka Mafia kwa ajili ya harusi. Kijana akaniamkia shikamoo, nami nikaitikia, kisha akaziangalia karatasi zangu.

"Samahani, mzee wangu. Wewe ni mwalimu?"

Nikamwambia kuwa mimi si mwalimu, na skuli yenyewe sikuimaliza. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi na taa ya chemli, na kazi yangu ni kufasiri. Akafungua mkoba, akanitolea kitabu cha maelekezo kilichorudufiwa, kurasa zake zimelainika kwa kushikwa. Akaniomba nimfasirie sehemu ya kurekebisha sauti. Chombo kilikuwa hakiondoki kwa saa nne zijazo. Nikakubali.

Kisanduku kilikuwa Yamaha QY70, aina iliyotoka mwaka 1997. Yeye alikinunua Kariakoo kikiwa kimeshatumika. Kinakwenda kwa betri sita ndogo, kina vitufe vidogo vilivyopangwa mfano wa kinanda, na ndani yake mna sauti 519 za ala na seti 20 za ngoma. Mtu mmoja aweza kukaa nacho chini ya mwembe akawa na bendi nzima mapajani.

Jambo la kwanza nililojifunza katika kumfasiria ni kwamba kisanduku kile hakinasi sauti. Hutumia Midi, lugha ya vinanda ambayo watengenezaji waliafikiana juu yake mwaka 1983, na lugha hiyo huandika amri tu: kitufe kipi kimebonyezwa, wakati gani, kwa nguvu gani, na kimeachiwa lini. Nguvu ya pigo hutiwa katika tarakimu isiyozidi 127. Sauti yenyewe huja baadaye, kwa kuchaguliwa. Amri zile zile zaweza kulia kwa fidla, kisha kwa tarumbeta, kisha kwa ngoma, bila ya hata moja kubadilika. Nilipolifahamu hilo nilijiona niko nyumbani. Mtunzi wa utenzi naye hanasi sauti yoyote katika karatasi yake. Huandika mizani na vina, akamwachia ghani mtu atakayekuja na koo lake. Kwa hiyo katika kisanduku kile, kama katika utenzi, palipo na mtu ni pale sauti inapochaguliwa na kurekebishwa. Yaliyobaki ni hesabu.

Hata maneno ya kitabu yalinitaka niamue. Mwanzo wa sauti, pale mkono unapoigusa ngozi, Waingereza huutaja kwa neno lile lile walitumialo kwa kumshambulia adui. Niliona haya kumwandikia kijana kuwa ngoma inashambulia. Nikaandika "mshuko wa mkono". Kupungua kwa sauti baada ya pigo wao hukuita kwa neno la kuoza. Nikaandika "kufifia". Kazi ya mashine kuyasogeza mapigo yaliyochelewa au kuwahi ili yaangukie mstari sawasawa, nikaiita "kunyoosha". Mwangwi haukunisumbua, neno hilo tunalo tangu zamani.

Nikamuuliza kwa nini anahangaika hivyo na kufifia kwa sauti, wakati zimo sauti 519 zilizokwisha kutengenezwa. Ndipo aliponieleza.

Msomaji anakumbuka yaliyopita katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga baina ya mwaka 2015 na 2017. Waliuawa viongozi wa vijiji, askari na raia. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi wanane kwa siku moja. Mwaka huo huo pikipiki zilizuiliwa kutembea usiku. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiziandika habari hizo, alitoweka Kibiti Novemba 2017, na familia yake ingali bila jibu. Katika kijiji cha kijana huyu, kama alivyonisimulia, ngoma za usiku zilikoma zenyewe. Hapakuhitajika amri. Mtu hapigi ngoma mahali ambapo kila mmoja anasikiliza hatua za miguu nje ya ukuta.

Kabla ya hapo kijiji kilikuwa na wapiga ngoma watatu waliopiga pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Mzee aliyeketi pale kwenye gogo alipiga msondo, ile ngoma ndefu. Wa pili alipiga vumi, naye alihamia Mbagala kwa mwanawe na hakurudi. Wa tatu alipiga chapuo. Huyo alitoka asubuhi moja kwenda shambani, na tangu siku hiyo hajaonekana. Hakuna kaburi lake, na hakuna aliyethubutu kumfanyia hitima.

Sasa mjukuu wa mzee alikuwa anaolewa. Vijana walitaka spika na singeli kutoka mjini Kibiti. Mzee alisema kuwa mjukuu wake hatoki nyumbani bila ya ngoma, na msondo peke yake ni kama mtu anayezungumza na ukuta. Kijana akajitolea kuzitia vumi na chapuo ndani ya kisanduku. Pale chini ya mwembe walikuwa katika siku ya tatu ya kazi hiyo, na kazi yenyewe ilikwenda hivi: kijana hurekebisha, huchomeka spika ndogo ya betri, mzee husikiliza, kisha husema, "Siyo."

Nilikaa nao mpaka maji yakajaa, na "siyo" zile nimezihifadhi, kwa sababu kila moja ilikuwa ya namna yake.

Kwa chapuo kijana alikuwa amechukua sauti ya konga. Mzee akasema, "Siyo. Huyu anagonga ubao." Kijana akaishusha sauti kidogo. "Bado. Inakaa sana. Ngozi ya mbuzi haikai na neno mdomoni." Hapo tafsiri yangu ya kufifia ikapata kazi, sauti ikafupishwa mpaka mzee akanyamaza. Kwa vumi alikuwa amechukua lile goma kubwa la bendi za Ulaya. Mzee akasema ni kubwa, lakini halina tumbo. Likashushwa, likatiwa na sauti nyingine chini yake, na hapo mzee akatikisa kichwa kukubali.

Hizo zilikuwa "siyo" za ala. Zilizofuata zilikuwa za mtu. Kijana alikuwa ameyapa mapigo yote ya chapuo nguvu moja, 100 kila pigo. Mzee akasema, "Mkono wake wa kushoto haukuwa hivyo. Kidole kilikatwa na shoka kwenye mikandaa, tukiwa vijana." Mapigo ya kushoto yakateremshwa hadi 60. "Bado." Hamsini. "Bado." Yakafika 45, na mzee akainamisha uso, akawa kama mtu aliyesikia hodi. Kisha likaja suala la wakati. Mashine ile huligawa pigo moja katika sehemu 480, na kijana, kwa kuifuata desturi, alikuwa ameyanyoosha mapigo yote yakasimama mstarini. Mzee akauliza hawa askari wa gwaride wametoka wapi. Mwenye chapuo, alisema, alikuwa akifika baada ya wenzake, kama mtu anayevua viatu mlangoni kwanza. Kijana akaondoa unyooshaji, akayarudisha mapigo nyuma, kidogo kidogo.

Mwisho ukaja mwangwi. Kisanduku kinazo aina kumi na moja: kumbi mbili, vyumba vitatu, majukwaa mawili, bamba la chuma, chumba cheupe, handaki, na chumba cha chini ya ardhi. Zote kijana alimsikilizisha. Mzee alisikiliza kwa adabu, kama mgeni anayetembezwa nyumba ya watu, kisha akasema, "Sisi tulipiga uwanjani." Mwangwi ukawekwa sifuri. Watengenezaji wa kisanduku walizikumbuka kuta za kila namna. Hawakumkumbuka mtu anayepiga ngoma juu ya mchanga mbele ya mto, jioni, wakati hewa iliyo juu ya maji imepoa na sauti huinama ikasafiri mbali kuliko mchana, mpaka ng'ambo wakajua kuna harusi.

Chombo kikaita abiria. Mzee akaniambia kuwa harusi ni baada ya siku tisa, na aliyesaidia kuwamba ngoma haachi kuja kuisikia. Nikaahidi.

Siku hizo tisa nikiwa Mafia nililigeuza suala hili huku na huku. Kuna watu ninaowaheshimu ambao jibu lao najua lingekuwa la haraka. Wangesema ngoma ya mashine ni uongo, na harusi ile ingekuwa na heshima zaidi kwa msondo mmoja wa kweli kuliko kwa ngoma tatu ambazo mbili ni za bandia. Siwezi kuungana nao, na sisi wa visiwani tuna sababu ya kutoungana nao. Taarabu yetu imejengwa kwa vitu vya kupokea: ganuni na udi kutoka kwa Waarabu, fidla kutoka Ulaya, na sahani za santuri za Siti binti Saad zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Wazee walionung'unika vinanda vya umeme vilipoingia katika taarabu ya miaka ya 1990 walikuwa na hoja zao, lakini hoja ya kuwa ni kitu cha kigeni haikuwa miongoni mwa hoja wanazoweza kuzitoa bila ya kujihukumu wenyewe. Na Dar es Salaam, vijana wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, vilivyotengenezwa ili watoto wajifunzie, wakavifungia spika za tarumbeta, wakapata muziki ambao watengenezaji hawakuuota. Hakuna aliyedanganywa hapo.

Wapo pia wa upande wa pili. Hao husema sauti ni sauti. Ikiwa sikio halitofautishi, tofauti haipo. Hawa nao siwezi kuwafuata, na sababu zimo ndani ya kisanduku kile kile.

Mwaka 1991 watengenezaji waliafikiana orodha ya sauti 128 ambazo kila chombo kinachoifuata kitakuwa nazo kwa namba ile ile. Katika orodha hiyo fungu la ala za kikabila lina sauti nane, na humo, namba 109, imo kalimba. Ala zetu za vijiti vya chuma ziko kabila kwa kabila. Wagogo wana ilimba yao, ambayo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliipigia duniani kote. Jina lililoingia katika orodha ni kalimba, lile ambalo Hugh Tracey alilipa bidhaa yake alipoanza kuzitengeneza Afrika ya Kusini kwa ajili ya kuuza katika miaka ya 1950. Katika ngoma, orodha inazo bongo, konga, timbale, agogo na kuika. Zote ni za Kuba na Brazil, na wengi wa zile zilifika huko katika kumbukumbu za mikono ya watu waliovushwa wakiwa watumwa. Konga yenyewe jina lake wengi hulihusisha na Kongo. Basi ile sauti ambayo kijana wa Kibiti aliianza nayo ilikuwa imetoka Afrika, ikapita Kuba, ikapita Japani, ikarudi Nyamisati ndani ya plastiki. Katika safari yote hiyo sauti haikupotea. Waliopotea ni watu. Limebaki jina la nchi, na hata hilo kwa kubahatisha, wala hatujui hata jina moja la mtu aliyeubeba mdundo ule ndani ya merikebu.

Kwa hiyo anayesema sauti ni sauti anasema kweli, na ndiyo maana kauli yake inatisha. Sauti yaweza kudumu vizuri sana bila ya mwenyewe. Tena hudumu vizuri zaidi, kwa kuwa hakuna tena wa kuivuta ngozi upande wa pili.

Hapa yanilazimu nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu nilimsikia bibi mmoja wa bara, pwani ile ile ya kusini, akiimba katika ngoma ya wanawake. Ndani ya wimbo wake mlikuwa na mfano mmoja kuhusu maji na mkeka ambao sikupata kuusikia kabla yake. Niliutia katika shairi langu. Niliupa mizani nane kwa nane na kina cha kati, nikausafisha, nikaunyoosha. Shairi lile ndilo lililonifungulia milango. Hata leo wapo wanaonikumbuka kwa ubeti ule. Sikupata kumtaja. Kwanza nilijiambia kuwa nyimbo za ngoma ni mali ya wote. Baadaye nilijiambia kuwa nimemhifadhi, kwani bila mimi mfano ule ungekufa naye. Nilipotaka kumtaja, sikulijua jina lake, na waliolijua walikuwa wamekwisha kufa. Nimefasiri vitabu vya wageni kadhaa, na kila kimoja jina la mwenyewe limeandikwa juu na langu chini. Bibi yule pekee ndiye niliyemfasiri nikajiandika mimi juu.

Ndiyo maana "siyo" za yule mzee zilinichoma. Kila aliposema "siyo" alikuwa anaivuta ngozi upande wa asiyekuwepo. Kijana aliivuta kwake, maana mashine ilikuwa yake na sifa ingekuwa yake. Mzee akaivuta kwa mwenzake. Bibi yule hakuwa na mtu wa kumwambia mtunzi kijana "siyo".

Katika sheria zetu za dini na za mila mna hukumu za mali ya mtu aliyeghibu. Anayeishika ameshika amana. Haimpasi kuitapanya, wala kuiuza kwa jina lake, na mwenyewe akitokea mlangoni ni wajibu kumrudishia bila ya kumsimamisha nje. Nilipokuwa Mafia nilifikia kuona kuwa sauti ya mtu ni amana ya namna hiyo. Mashine yaweza kukaa katika kiti chake; kisichofaa ni kukaa kama mwenye kiti. Nikajiona nimelimaliza suala. Sikuwa nimelimaliza.

Siku ya harusi nilifika kijijini jua limeelemea magharibi. Mzee ameketi na msondo wake, umeshaoteshwa moto wa makuti ngozi ikakaza. Kijana pembeni yake na kisanduku, nyuma yao spika mbili. Kabla ya kuanza mzee alisimama. Akasema kuwa mtakayoyasikia ni ya watu watatu, na kwamba wawili hawapo. Akawataja, kila mmoja kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Alipolitaja jina la mwenye chapuo, wanawake waliokuwa jikoni waliacha vyombo. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutajwa hadharani tangu asubuhi ile. Majina yenyewe siyaandiki hapa. Yalitajwa kwa waliokuwepo na kwa waliowajua.

Kisha ngoma ikalia. Sitadai kuwa nilisikia ngoma tatu za ngozi. Nilisikia msondo na spika. Lakini lile pigo la kushoto, dhaifu, lililochelewa, lilipoingia, mwanamke mmoja mtu mzima alisimama akajifunika kanga usoni, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani kwake.

Baada ya isha likatokea jambo ambalo halikupangwa. Yule mwenye vumi alifika kutoka Mbagala, gari limewaharibikia njiani. Alikuja na vumi lake begani, limefungwa kwenye shuka. Alisimama pembezoni akajisikiliza katika spika. Sijui mtu huhisi nini katika hali ile. Kijana alimwona, akasogeza kidole, akabonyeza, na vumi la mashine likanyamaza katikati ya mdundo. Katika kisanduku kila ala ina njia yake, na kila njia ina kitufe cha kuinyamazisha. Katika kile kitabu cha maelekezo nilikifasiri kitufe hicho kwa mstari mmoja, bila ya kukifikiria.

Yule bwana akaketi, akaanza kupiga. Akapiga vibaya. Mikono ilikuwa imesahau; alikosa mara mbili, akaharakisha, vumi lake lenyewe lilikuwa limelegea kwa unyevu. Lile la kwenye kisanduku, lililofanyiwa kazi kwa siku tatu, lilikuwa zuri zaidi. Nilimtazama mzee nikingoja aseme "siyo". Hakusema. Alikuwa anaupunguza mwendo wa msondo ili mwenzake aufikie.

Asubuhi yake, tukinywa chai ya tangawizi, nilimuuliza, "Mzee wangu, mashine uliiambia siyo mara arubaini. Jana mwenzako alikosea waziwazi nawe ukanyamaza. Kwa nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa mto unatiririkia wapi. "Ile ilikuwa inapiga ngoma ya mtu," alisema. "Yeye alipiga yake."

Jibu hilo ndilo lililoitimiza hoja yangu ya amana, na kwa kweli liliipita. Nilidhani tunachomhifadhia asiyekuwepo ni usahihi wa sauti yake: kidole kilichokatwa, kuchelewa mlangoni, ngozi isiyokaa na neno. Hayo ni wajibu wetu, na ndiyo maana mashine, au mtunzi, au mfasiri, lazima aambiwe "siyo" bila ya kuchoka. Lakini yule mwenyewe hadaiwi usahihi huo. Yeye ana haki ambayo hakuna mashine iliyonayo: haki ya kukosea ngoma yake, kuibadili, kuisahau, hata kuikataa. Siku tutakapomwambia mtu aliyerudi kuwa nakala yetu inampita kwa kufanana na yeye, hapo ndipo uhifadhi utakuwa umegeuka dhuluma. Na sauti ikinaswa vizuri kiasi hicho, jaribu la kumwambia hivyo huwa kubwa.

Nayaandika haya leo, wakati ambapo kisanduku cha mwaka 1997 ni kitu cha kale, na simu ya kijana yeyote yaweza kutoa ngoma za kila taifa; wakati zipo programu zinazoiga sauti ya mwimbaji, hai au marehemu, mpaka mamaye mzazi akaitikia. Mizani niliyoipata Kibiti naiona ingali inapima. Tuulize: mwenye sauti ametajwa? Yupo wa kusema "siyo" kwa niaba yake, na akisema anasikilizwa? Na mwenyewe akitokea na vumi lake begani, kipo kidole kilicho tayari kubonyeza?

Swali moja sina jibu lake. Mzee naye atakufa, na yawezekana amekwisha kufa. Siku hiyo mkono wa kushoto wa mwenye chapuo utabaki kuwa tarakimu 45 ndani ya plastiki, wala hapatakuwa na mtu wa kujua kama ni yenyewe au siyo. Kijana aliniambia kuwa njia ile ya chapuo hajaifuta, na kwamba katika kila harusi anayoipigia huiacha wazi kwa mapigo machache ya mwanzo, kimya, kabla ya kuiruhusu ilie. Nilidhani ni mtindo wa muziki. Nikamuuliza.

"Nampa nafasi," alisema. "Huenda akaja."